Mgeni Rasmi wa Mafuriko ya Kilimani

Naipenda nchi yangu, na naomba hilo lijulikane mapema, mtu asije akaninukuu vibaya mbele ya safari. Jina lake silitaji. Siogopi, ila kuna kamati inayolifikiria upya, na sipendi kuwatangulia waheshimiwa. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, yenye bendera na yenye utaratibu. Kwa utaratibu tumewaacha wenzetu mbali.

Utaratibu wetu mkuu ni kwamba kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Mafundi wanaweza kumaliza daraja, mbuzi wakapita, harusi zikapita, lakini kama mgeni rasmi hajaja kukata utepe, daraja halipo, na askari akikukuta katikati yake anakushitaki kwa kutembea hewani. Kwa upande mwingine, kitu kikishazinduliwa kipo, hata kama hakipo. Tuna uwanja wa ndege wa aina hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kupelekwa pale kupokea wageni, nikasimama porini kutwa nzima na shada la maua mkononi, na kwa kweli nilijisikia fahari.

Naeleza haya ili mkielewe vizuri kisa cha Zebida Kilumanga, maana kuna watu wenye midomo wanaokisimulia kana kwamba serikali ilikosea.

*

Zebida alikuwa fundi cherehani, mjane, mshonaji wa sare za shule katika mji wetu. Alizaliwa katika nyumba ya kupanga, akaolewa katika nyumba ya kupanga, na mumewe alipofariki, mwenye nyumba alikuja msibani, akala wali, akanawa, akaulizia kodi. Siku ile Zebida aliapa kwamba yeye atakufa akiwa kwake. Akashona, akashona, akachukua mkopo Benki ya Neema, akajenga vyumba vitatu na baraza juu ya kilima cha Ukavuni, akaupaka mlango rangi ya chungwa. Jioni alikuwa na tabia ya kuufunga mlango huo na kuufungua tena bila sababu yoyote, asikie tu kitasa chake mwenyewe kikilia.

Ukavuni ni mwamba mtupu. Mvua ikinyesha pale haikai, inateremka mbio kwenda Bondeni, ambako ndiko kuna watu, soko na benki, kwa kuwa viwanja vya kule vilipimwa wakati wa kiangazi. Maji ya kunywa Zebida alikuwa analetewa na punda.

Basi alishangaa kidogo rejesho lake la mkopo lilipopanda ghafla. Akateremka benki. Meneja wa tawi, Bwana Crispin Ndauka, alikuwa kijana mtanashati ambaye tai yake haijawahi kulegea mbele ya mteja. Siku hiyo alikuwa ameketi na miguu yake juu ya matofali, kwa sababu maji ya mvua za juma lililopita yalikuwa bado hayajatoka ofisini.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuuliza, mbona siku hizi mnanikata hivi?"

"Ni bima ya mafuriko, mama. Nyumba yako iko eneo la mafuriko."

"Nyumba yangu iko kileleni."

"Kileleni, ndiyo. Kileleni mwa eneo la mafuriko."

"Baba, mimi hata maji ya kunywa naletewa na punda."

Meneja akachukua kalamu. "Huyo punda ana bima?"

Zebida akatazama chini, ambako kandambili yake moja ilikuwa imeanza kumtoroka ikielea kuelekea kaunta. Akatazama ukutani, akaona alama ya matope iliyopita juu kuliko kichwa chake, na picha ya Mkuu wa Nchi iliyopandishwa kwa heshima mpaka karibu na dari. "Na hapa penu je?" akauliza. "Hapa mnalipa bima?"

"Hapa ni pakavu, mama," alisema meneja kwa upole mwingi. "Kwani wewe hujasoma jiwe?"

*

Hilo jiwe lazima nilieleze. Mwaka uliotangulia, Bondeni ilifurika mpaka kwenye mabati. Watu walikaa juu ya mapaa wakingoja unga wa msaada, lakini unga hauwezi kutolewa kwa mafuriko ambayo hayajazinduliwa. Kwa hiyo akaalikwa Waziri wa Maji Yaliyozidi, Mheshimiwa Dakta Makoloweka, ambaye asichanganywe na Waziri wa Maji Yasiyotosha. Hawa wawili hawasalimiani.

Kamati ya maandalizi ilipokwenda kukagua, ikagundua kasoro: kule kwenye mafuriko kulikuwa na maji. Viatu vya mgeni rasmi vingelowana. Ikatafutwa sehemu kavu yenye mandhari ya kuvutia, na uwanja wa Zebida ukaonekana unafaa sana. Zebida mwenyewe alifurahi asijue la kufanya. Alishona kwa mkono wake kile kitambaa chekundu cha kufunikia jiwe, akachemsha chai, akaazima vikombe. Wahanga wa mafuriko hawakuweza kuhudhuria kutokana na mafuriko, kwa hiyo kwaya ya wilaya iliombwa kuigiza wahanga, ikanyunyiziwa maji ya yule punda ili ipendeze.

Mheshimiwa alihutubia vizuri mno. "Mafuriko haya si ya mtu mmoja wala ya kabila moja," alisema. "Ni yenu. Wapo waliosema hayatakuja. Leo wako wapi? Nawaomba myatunze, na mengine yako njiani." Akavuta kitambaa, na jiwe likasomeka mbele ya wote: MAFURIKO HAYA YALIZINDULIWA RASMI MAHALI HAPA. Unga ukaletwa siku hiyohiyo mpaka mahali hapa. Waliouleta wakaangalia huku na huku, hawakuona mhanga hata mmoja, wakaandika kwamba wahanga wote wamepona, wakarudi nao.

Ndiyo maana meneja alikuwa na haki ya kushangaa. "Jiwe liko uani kwako, mama," alimwambia Zebida. "Mafuriko yalifunguliwa kwako. Sasa niambie, nani aliyafunga?"

"Kufunga vipi?"

"Semina ikifunguliwa si hufungwa? Mashindano yakifunguliwa si hufungwa? Mheshimiwa alifungua, akawahi kwenda kuzindua ukame mkoa wa pili. Hakuna aliyerudi kufunga. Kwa mujibu wa taratibu, wewe uko chini ya maji tangu mwaka jana. Sisi hapa tunakushangaa unavyopumua, lakini hilo si la benki."

"Basi njoo ukaiangalie sakafu yangu kwa macho yako."

"Sakafu si ushahidi, mama."

*

Zebida ni mtu mpole, lakini ukimgusia ile nyumba anabadilika. Akasema mkopo atalipa mpaka senti ya mwisho, ila maji ambayo hajayaona hayalipii. Benki haikugombana naye. Ilipokea kila alicholeta, ikakiingiza kwenye bima kwanza, na mkopo ukabaki na njaa. Baada ya muda akaandikiwa kwamba ni mdaiwa sugu. Alilia siku hiyo, nisifiche. Alikaa kwenye baraza lake na ile barua, akalia kama siku ya msiba wa mumewe.

Hata hivyo benki ina utu, kwa hiyo kabla ya kutangaza mnada ilimtuma mkaguzi kwenda kupima kina cha maji. Kanuni inakataza mkaguzi kuingia eneo la mafuriko bila mtumbwi. Basi mtumbwi ukapandishwa kilimani mabegani mwa vijana wanne waliokuwa wakitukana njia nzima, na mkaguzi akiwa ndani yake amevaa koti la kuokolea, maana mstari wa mafuriko ulianzia chini kidogo ya mteremko. Wakautua uani, karibu na kamba ya nguo.

"Karibu, shuka unywe maji," alisema Zebida. "Punda amepita sasa hivi."

"Siwezi kushuka, mama. Ni hatari kwa maisha yangu."

Akateremsha kijiti cha kupimia ubavuni mwa mtumbwi, kikagonga mwamba. Akakiteremsha upande wa pili, kikagonga tena. Akaandika: Kina hakikuweza kujulikana, kijiti kinawahi kufika chini. Kuku wa Zebida akarukia mtumbwini, akakaa miguuni pake, naye akamwandika kama manusura. Vijana walipoambiwa waubebe mtumbwi kurudi walikataa katakata, ukaachwa palepale. Mkaguzi ilibidi ashuke kwa miguu, akifanya mikono kama mtu anayeogelea mpaka alipouvuka mstari. Mtumishi mwaminifu yule.

Zebida akawaandikia wizarani, akaomba kwa heshima zote mgeni rasmi aje kumfungia mafuriko yake. Wizara ilijibu upesi na kwa masikitiko kwamba Mheshimiwa hawezi kufika, kwa sababu eneo limefurika.

*

Siku ya mnada ilikuwa na mawingu mazito. Dalali wa mahakama, mtu mnene aitwaye Mkwachu, alipanda na kengele yake akihema, na meneja Ndauka nyuma yake na tai imesimama. Wanunuzi wachache walifuata. Zebida alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha ule mlango wa rangi ya chungwa.

"Mama, tupishe," alisema Mkwachu. "Wateja wanataka kuona vyumba."

"Nimepisha watu maisha yangu yote," alisema Zebida. "Nimehama nikiwa na mimba, nimehama nikiwa na eda. Hapa sihami. Mkiiuza, mtaiuza na mimi ndani, na mumweleze mnunuzi kwamba huyu mama anakuja na nyumba."

Mkwachu akaitazama kengele yake. Ni mtu wa kazi, lakini naye ana mama. Alikuwa bado anafikiria aigonge au asiigonge, ndipo mvua ikaanza.

Mvua ile msiniulize. Kufikia adhuhuri Bondeni ilikuwa bahari. Soko lilikwenda, barabara ilikwenda, na bango la Benki ya Neema lililosema TUPO KWA AJILI YAKO likabaki na neno la mwanzo tu juu ya maji. Watu wakaanza kupanda kilima na magodoro vichwani, televisheni mgongoni, watoto kiunoni. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Chausiku, muuza maandazi wa sokoni, kambeba mkwewe. Alisimama mbele ya mlango akitetemeka, hajui aombe vipi.

"Ingia ndani, dada," alisema Zebida. "Huulizwi kitu hapa."

Wakaingia wote. Vyumba vikajaa, baraza likajaa, wanunuzi wakapewa kazi ya kushika watoto, na dalali akajikuta anamenya viazi. Hakuna tone lililoingia ndani. Meneja Ndauka alikaa kwenye kiti cha cherehani na soksi zake zikaanikwa dirishani. Akawa muungwana, akapiga simu makao makuu ya benki kuwatoa wasiwasi.

"Mimi niko salama," alisema. "Nimehifadhiwa Ukavuni, nyumbani kwa Zebida Kilumanga."

Kule wakafungua ramani. "Uko juu ya paa la nyumba, au ndani?"

"Ndani."

Ramani ikasikika ikikunjwa. Kisha yule wa upande wa pili akasema kwa sauti ya huzuni, "Mungu amlaze pema," akakata simu.

Haikupita saa, redio ya Mama Chausiku ikatangaza kwamba Benki ya Neema inasikitika kumpoteza meneja shupavu, Bwana Crispin Ndauka, aliyekufa maji akiwa kazini, na kwamba nafasi yake imejazwa. Nyumba nzima ikageuka kumtazama. Wanawake, kwa mazoea, wakaanza kumpa pole. Mtu akapitisha kofia ya rambirambi, naye kwa kuchanganyikiwa akachanga.

Alipiga tena. "Mimi sijafa!"

"Tafadhali, ndugu mpigaji," wakamjibu, "tuheshimu simu ya marehemu."

Mkewe naye akapiga. "Crispin, wamekuja kufunga turubai hapa nyumbani."

"Waambie niko hai."

"Nimewaambia. Wanasema sauti si ushahidi, wanataka barua."

*

Ndipo meneja alipomsogelea Zebida, tai ikiwa imelegea kwa mara ya kwanza. "Mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "tuseme tu ukweli. Hapa ni pakavu."

"Kwa mujibu wa nani, baba?"

"Angalia sakafu."

"Mimi nimeiangalia tangu mwaka jana. Wewe ndiye uliyekataa kuiangalia."

"Nisamehe, mama. Nisaidie tuyafunge haya mafuriko. Nina watoto."

Kama si huruma yake, angeweza kumwacha marehemu hivyohivyo. Lakini alimhurumia, akamwambia apige simu kunakohusika na aiweke sauti kubwa, watu wote wasikie. Waziri Makoloweka alisema angependa sana kuja, ila atawakilishwa na naibu wake. Naibu akasema atawakilishwa na katibu mkuu. Katibu mkuu akamtaja mkurugenzi, na mkurugenzi akamtaja mkuu wa wilaya, ambaye alipopokea simu alikuwa juu ya paa la ofisi yake pale Bondeni pamoja na faili na jogoo.

"Nitawakilishwa," alisema mkuu wa wilaya, upepo ukimpiga. "Kanuni inamtaka mtu mwenye makazi yake, mahali anaposimama pawe ni pake. Kuna mwenye nyumba hapo?"

Meneja akamtazama dalali, dalali akaacha kumenya viazi. "Yupo, Mheshimiwa."

"Ni nani?"

"Bi Zebida Kilumanga."

"Una hakika ni yake? Nisije nikawakilishwa na mpangaji."

"Ni yake, Mheshimiwa," alisema meneja mbele ya watu wote. "Huyu ndiye mwenye nyumba."

Zebida alijishika kifua kwa mkono mmoja. Mkwachu akaivua kengele shingoni, akaivingirisha ndani ya leso. "Mimi mnada wangu umekwisha," alisema. "Siuzi nyumba ya mgeni rasmi."

*

Sherehe ilifana. Mtumbwi ulitandikwa kanga ukawa meza kuu. Utepe ulikuwa kipande cha lesi kilichobaki kwenye gauni la harusi ya mtu, na mkasi ulikuwa wa Zebida mwenyewe, ule wa kukatia vitambaa. Marehemu Ndauka alisoma risala, akaeleza mafanikio ya mafuriko na changamoto zake, akamaliza kwa kumwomba mgeni rasmi ayafunge haraka iwezekanavyo. Zebida akasimama. Hakuwa amewahi kuhutubia, ila amesikia hotuba nyingi, kama sisi sote.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, na watu wakapiga makofi kabla hajaendelea.

Akainua mkasi. Hapo Mama Chausiku, aliyekuwa mbele kabisa na mkwewe kwapani, akanyoosha mkono.

"Samahani, mgeni rasmi. Ukiyafunga, sisi wa Bondeni si tutakuwa hatujafurikiwa? Mwaka jana unga ulirudishwa. Mwaka huu itakuwaje?"

"Funga, mama," alinong'ona meneja. "Funga tu, hayo yatashughulikiwa."

Zebida akaganda na mkasi hewani. Nyumba yake ilikuwa nyuma yake, mlango uko wazi, na mbele yake kulikuwa na watu ambao wao mlango hawana tena. Aliyajua yale macho. Aliwahi kuwa nayo.

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na wakubwa wote walioshindwa kuja," alisema, "mafuriko ya hapa kwangu nayafunga rasmi." Akakata utepe. Kisha akaokota vile vipande viwili, akavifunga fundo, akaugeukia upande wa Bondeni. "Na kwa mkasi huuhuu nayafungua kule yaliko." Akakata tena. "Jiwe likachimbuliwe uani kwangu, likasimikwe mlangoni mwa benki, maana hapo ndipo katikati."

Itifaki inamtaka aliyesoma risala aongoze makofi, na meneja aliyaongoza kwa nguvu zake zote, kwa furaha ya kufufuka. Alikuwa ameshapiga mengi sana kabla hajaelewa.

*

Unga ulifika Bondeni siku iliyofuata, moja kwa moja, na Mama Chausiku akakaanga maandazi ya bure kwa mtaa mzima. Makato ya bima ya Zebida yalirudishwa kwenye mkopo wake, ikaonekana hadaiwi nyuma hata kidogo. Meneja Ndauka alirejeshewa uhai wake na wadhifa wake, lakini hana raha. Kila mwezi anaandika makao makuu kuwaeleza kwamba maji yamekwisha kupungua, kwamba ofisi sasa ni kavu, na kwamba si haki tawi lake kukatwa bima ya mafuriko kubwa kiasi kile. Kila mwezi wanamjibu kwamba sakafu si ushahidi.

Juzi wamemtumia mkaguzi. Kanuni haijabadilika, kwa hiyo alipanda kwanza Ukavuni na vijana wanne, akabisha hodi kwenye mlango wa rangi ya chungwa, akaomba aazimwe mtumbwi. Zebida aliacha cherehani, akatoka, akawaonyesha ulipo, nyuma ya kamba ya nguo, na kuku ameutagia mayai. Hana kinyongo yule mama, aliwapa bila masharti yoyote. Aliuliza tu kama mtumbwi una bima.